Ndizi za Mama Tusa Kwenye Mafunzo ya Maadili

Leo nimevuliwa nguo mbele ya watu arobaini, na suti nilikuwa nimeivaa. Vipande vitatu! Na kizibao ndani! Kwa joto hili la Kyela!

Nawasimulia mwenyewe kabla Gwakisa hajawasimulia, maana yeye ataongeza chumvi. (Ingawa kusema kweli, hapa chumvi imejitosheleza.)

Mnajua mimi ni afisa utumishi. Ofisi siitaji, nina watoto wanasoma. Kazi yangu ni mafaili ya watumishi: likizo, uhamisho, kupanda madaraja, na zile barua za "jieleze kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu". Barua hizo naziandika vizuri mno. Kuna mtu niliwahi kumpa akasoma mpaka mwisho, akaniambia, "Afisa, umenimaliza, lakini una mkono."

Sasa ofisini kwetu kuna nafasi ya mratibu wa maadili. Yaani mtu wa kuwaangalia wenzake wasipokee zawadi, wasipendelee ndugu, wasipeleke gari la serikali kubeba mkaa. Nafasi ina chumba chake. Chumba kina feni inayozunguka. Nimeitamani nafasi hiyo mpaka naiota, na wiki iliyopita mkuu wangu aliniita akasema, "Ambokile, ni yako. Anakuja mgeni kutoka juu, utaendesha mafunzo ya maadili mbele yake. Akiridhika, anakuthibitisha palepale."

Kwa hiyo leo ndiyo ilikuwa siku yangu.

Nikajiambia, mafunzo ya kusoma makaratasi yanalaza watu. Mimi nitaweka igizo. (Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa.)

Jana jioni nikaenda kwa jirani yangu wa huku Ikolo, Mama Tusa. Ni mama mtu mzima, ana migomba nyuma ya nyumba, na mkono wake haujui kukaa bila kutoa. Ukipita kumsalimia tu unaondoka na kitu. Mgeni akitoka kwake mikono mitupu, usiku huo yeye halali. Nilimkuta anapepeta mchele uani.

"Mama, kesho naomba uje mjini, ukumbini kwetu, na ndizi. Utanipa mbele ya watu, mimi nitazikataa."

Ungo ukasimama.

"Utakataa ndizi zangu?"

"Si kukataa kweli, Mama. Ni igizo. Nawafundisha watumishi kukataa zawadi."

"Ndizi zitakuwa za kweli?"

"Za kweli."

"Basi na kukataa kutakuwa kwa kweli."

"Mama, nitakataa kwa mdomo tu. Moyoni nimepokea."

"Na tumboni?"

"Tumboni nitapokea jioni, nikirudi."

Akacheka, akakubali. Nikampa maelekezo: abebe chana moja tu, akae barazani, na akisikia nimekohoa, aingie. Alikubali yote isipokuwa chana. "Niende kwa watu wa serikali na chana moja, Ambokile? Watanionaje?" Sikulitia maanani neno lile. Laiti ningelitia!

Asubuhi nikavaa. Suti nimeinunua kwa Mzee Shomari pale mjini, na aliniapia kwamba nikiivaa nitajipigia saluti mwenyewe kwenye kioo. Mke wangu alinitazama ninavyohangaika na tai, akauliza, "Baba Lugano, unaenda kufundisha au unaenda kuoa?" Sikumjibu. Mtu mwenye cheo kinachokuja hajibu kila kitu. Nikapanda pikipiki, nikafika mjini kizibao kimelowa jasho mgongo mzima.

Mkuu alikuwa ananisubiri mlangoni. Akanisogelea sikioni. "Kile kiroba cha mchele kipo stoo. Hakikisha kinaingia kwenye gari la mgeni kabla hajamaliza chai."

Msinishangae. Tangu niajiriwe sijaona mgeni kutoka juu akaondoka Kyela bila mchele. Hatuiti rushwa. Hatuiti hata zawadi. Tunaita mchele. Basi nikakibeba kiroba begani, na kwapani upande wa pili nimebana rejista ya zawadi, lile daftari la kuandika kila tunachopewa, nikampa dereva wa mgeni kiroba, akakilaza nyuma bila kuuliza swali hata moja. Nikajifuta pamba za gunia kwenye suti, nikaingia ukumbini kufundisha maadili.

Mgeni ni mwanamke wa makamo, tunamwita Madam. Miwani imeshuka puani, na mdomo wake hauna habari na kucheka. Hata salamu hatujamaliza, akaomba rejista ya zawadi. Akafunua ukurasa wa kwanza. Wa pili. Wa kumi.

"Haina kitu."

"Ndiyo, Madam!" nikajibu kifua mbele. "Tangu tuipokee haijaguswa na wino! Hapa hatupokei!"

Akanitazama kwa muda. Nikatabasamu. (Nilidhani ananisifu!)

"Niletee na mafaili ya uhamisho wa mwaka huu," akasema. "Kuna malalamiko kwamba watu wanahamishwa kwa kujuana."

Nikamletea yote, bila wasiwasi. Akakaa mbele kabisa, akawa anasoma mafaili huku mimi nafundisha. Jicho moja kwenye karatasi, jicho moja kwangu.

Na nilifundisha, jamani! Nilipasua! Upendeleo, mgongano wa maslahi, siri za ofisi, vyote nilivigusa. Gwakisa, afisa utamaduni wetu, ambaye na yeye alikuwa anaitaka ile feni, akanyoosha mkono kwa ile sauti yake ya upole wa uongo. "Mwezeshaji, je, jirani akinipa samaki mbasa mmoja tu wa kitoweo?"

"Mbasa mmoja ni mlango!" nikanguruma. "Leo mbasa, kesho wavu mzima! Mimi nyumbani kwangu hata jani la mgomba haliingii kabla sijauliza limetoka kwa nani!"

Makofi. Madam akaandika kitu kwenye daftari lake. Nikaona feni inazunguka. Nikasema huu ndio wakati, nikakohoa.

Mlango ukafunguka, na Mama Tusa akaingia.

Sikuona chana. Niliona mkungu mzima, ule wa kunyanyuliwa na wanaume wawili, umekaa juu ya ngata kichwani, na Mama chini yake amenyooka wima, mikono inaning'inia, hata hajaushika. Kavaa vitenge vyake vya kanisani. Alitembea kati ya viti kutoka mlangoni mpaka mbele, shingo haijatikisika.

"Mugonile!" akasalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga!" ukumbi wote ukaitikia, na watu wakampigia makofi.

Hata Madam aliinua macho kwenye mafaili. "Pole na mzigo, mama."

"Asante mwanangu. Huu wala si mzigo."

Kisha akanigeukia mimi, akasema maneno yake kama tulivyopatana. "Mwanangu Ambokile, nimekuletea ndizi kidogo."

Mimi nilitakiwa kusema, "Asante mama, lakini sheria hainiruhusu." Ndivyo tulivyopatana. Lakini Madam ananitazama! Watu arobaini wananitazama! Damu ikachemka. Nikarudi nyuma hatua moja, nikanyoosha kidole, nikapaza sauti:

"Toka na rushwa yako! Mimi si mtumishi wa kununuliwa kwa ndizi!"

Uso wa Mama Tusa ulibadilika, na hapohapo nikajua nimeharibu. Neno rushwa hatukulipanga.

"Umesemaje?"

Nikamkonyeza.

"Usinikonyeze. Umeniita mtoa rushwa? Mimi?"

"Mama, ni igizo," nikanong'ona.

"Mbele ya watu wote hawa! Kwani ule mchele wa Ngonga niliokuletea mwezi uliopita ulikuwa rushwa?"

"Mama..."

"Yule jogoo wa Pasaka alikuwa rushwa? Si ulimkimbiza mwenyewe uani na bukta yako!"

Gwakisa alishaanguka kutoka kwenye kiti kwa kucheka. Nikaugeukia ukumbi, nikalazimisha kicheko. "Mnaona ndugu zangu, mnaona jinsi watoa rushwa wanavyoshawishi! Mama anaigiza vizuri sana!"

"Siigizi!" Mkungu bado uko kichwani, hautikisiki. "Na yule mbasa siku Tusa alipopata barua yake, ulimla mpaka kichwa, Ambokile. Hukusema rushwa. Ulisema, 'Mama, niongezee ndimu!'"

Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kuvuta pumzi. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Tusa ni nani?" Madam akauliza.

Vichwa vyote viligeukia mstari wa tatu, ambako Mwalimu Tusajigwe, binti wa Mama Tusa, alikuwa anateremka kwenye kiti taratibu kama anayetafuta kalamu sakafuni. Tusa alihamia shule ya mjini mwaka huu akitokea Busale.

Madam akapekua mafaili. Akalipata. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Mwalimu Tusajigwe anapendekezwa kuhamishwa ili kumuuguza mama yake mzazi, ambaye hawezi kunyanyuka kitandani wala kutembea bila msaada."

Akavua miwani. Akamtazama Mama Tusa kuanzia ndala mpaka kwenye ncha ya mkungu.

"Mama, umetoka wapi na ndizi hizi?"

"Ikolo."

"Umekuja na nini?"

"Kwa miguu."

"Ulipumzika wapi njiani?"

"Nipumzike, kwani nimechoka?"

Sauti ya Gwakisa ikatoka chini ya meza. "Ama kweli Mungu anaponya!"

Hapo sasa Mama Tusa akanitazama, akamtazama binti yake, akalitazama lile faili, na akaelewa. Niliona anavyoelewa. Akautua mkungu sakafuni polepole, akashika goti la kulia, akaanza kuugua. "Aaaah! Goti! Aaaah, mwanangu, goti limenirudia!" Akakaa chini kabisa, na vitenge vyake vya kanisani.

Jamani, nilisikia aibu. Si ile ya kuchekwa, hiyo nilishaizoea tangu dakika tano zilizopita. Mama yule hajawahi kunidanganya hata bei ya yai, na sasa amekaa kwenye vumbi anadanganya mbele za watu kwa sababu ya maneno yangu. Iliniuma.

Lakini nitasema ukweli: nilipata na ahueni kidogo. Madam alikuwa ameanza kulegea. "Mpeni kiti jamani, mpeni na maji," akasema. Nikaona labda tutavuka. Koo lilikuwa limekauka kwa hofu, likaniwasha.

Nikakohoa.

Mama Tusa ni mtu wa kufuata maagizo. Kusikia kikohozi, akaruka, akaweka ngata, akaupiga mkungu begani, kutoka begani kichwani, tap! Akasimama wima mbele yangu.

"Haya, umekohoa. Sasa unapokea au unanikataa tena?"

Sitaeleza kicheko kilichofuata. Kuna mama mmoja wa idara ya mipango alilia machozi ya kweli. Mkuu wangu alijifunika uso kwa ratiba ya mafunzo.

Madam aligonga meza mpaka watu wakanyamaza. Akamgeukia Tusa. "Mwalimu, simama. Unajua kutoa taarifa za uongo serikalini ni kosa linaloweza kukutoa kazini?"

Tusa akasimama, kichwa kiko juu. "Madam, nirudisheni Busale, nitarudi. Ila mama yangu asiitwe mtoa rushwa. Yeye anagawa tu. Amezaliwa hivyo."

Hakunitaja. Angeweza kunitaja na hakunitaja. Maana barua yake ya maombi, iliyo kwenye faili hilohilo, ilisema mama yake anasumbuliwa na goti wakati wa mvua. Basi. Goti, mvua. Mwenye kuandika pendekezo ni mimi. Waombaji walikuwa wengi, goti peke yake nikaliona halina nguvu, nikaliboresha. (Si nilishawaambia nina mkono?)

Nikasimama pale na suti yangu. Nikiiacha ile barua ya goti ifichike nyuma ya faili, Tusa anabeba msalaba na mimi huenda nikabaki na nafasi. Feni ilikuwa bado haijazima kabisa.

Nikamtazama Mama Tusa. Mkungu bado kichwani. Ananisubiri.

"Madam," nikasema, "goti aliliandika Mwalimu. Kitanda nilikiandika mimi."

Feni ikazima.

Madam hakugomba. Ingekuwa nafuu angegomba. Alinisogezea ile rejista ya zawadi, safi, haijaguswa na wino. "Kaa. Andika. Yote."

Nikakaa mbele ya wanafunzi wangu, nikaandika. Mama Tusa akapewa kiti pembeni yangu ili anikumbushe. Hakusahau hata kitu kimoja. Mchele. Jogoo. Mbasa. Maboga ambayo mimi nilishayasahau kabisa. Kokwa za kakao alizompa mke wangu. Kwenye safu ya "sababu ya kupewa zawadi" nikakwama, kalamu juu.

"Wanauliza kwa nini ulinipa, Mama."

"Andika jirani."

Nikaandika jirani. Mstari wa pili, jirani. Ukurasa mzima, jirani, jirani, jirani. Mwisho nikaandika na ule mkungu, kwa kuwa ulishaingia ofisini. Sasa ni mali ya serikali. Umefungiwa stoo na karatasi ya namba, unaivia humo chini ya ulinzi.

Uhamisho wa Tusa utapitiwa upya kwa barua yake ya goti, kama waombaji wengine. Mimi nafasi nimeikosa, na nitajieleza kwa maandishi. Mkuu akaniamuru ile barua ya kunitaka nijieleze iandaliwe leoleo. Nikamuuliza iandaliwe na nani. Tukatazamana. Nimeiandaa mimi. Nimejipelekea mezani kwangu, nikajisainisha kwamba nimeipokea. Ni nzuri sana, imenitisha.

Nikadhani yamekwisha. Tukatoka kumsindikiza Madam. Mama Tusa naye akatoka, maana kwake mgeni anasindikizwa, hata mgeni aliyekuja kumbana binti yake. Dereva akafungua nyuma kuweka mkoba, na kile kiroba kikaonekana kimelala pale, kimenona.

"Hii nini?" Madam akauliza.

"Mchele, bosi," dereva akajibu kwa furaha. "Kama kila mara!"

Kama kila mara! Mkuu wangu ghafla alianza kukagua maua ya bustani. Tatizo ni kwamba hatuna bustani. Mimi niliangalia viatu vyangu. Ila Mama Tusa, ambaye leo amejifunza maadili kuliko sisi wote arobaini, aliuliza kwa heshima kabisa, "Na huu, mwanangu, mmeshauandika?"

Madam akakitazama kile kiroba. Nilihesabu malori mawili yakipita barabarani. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, "Leta rejista." Nikaleta. Akaiweka juu ya boneti, akaandika jina lake chini ya mkungu wa ndizi. Akaandika mchele. Akafika kwenye safu ya sababu. Kalamu ikasimama juu, palepale ilipokuwa imesimama yangu.

Mama Tusa akamwinamia, kwa upole, kama anamsaidia mtoto na somo gumu.

"Andika jirani."

Akaandika.

Gari lilipoondoka, mchele ukabaki. Nikawasha pikipiki, nikamsogelea Mama Tusa. Nilikuwa sijui nianzie wapi. "Mama, nisamehe kwa lile neno. Panda nikupeleke nyumbani."

Akaitazama pikipiki. Akanitazama mimi na kizibao changu.

"Lifti nayo ni zawadi, Ambokile. Umeiandika?"

Akageuka, akashika njia ya Ikolo kwa miguu, bila mzigo, bila kupumzika, na goti lake zima. Mimi nyuma yake nasukuma pikipiki imezimwa, na suti ya vipande vitatu, mpaka tulipofika kwake. Akaingia ndani. Nikasimama uani nasubiri kufukuzwa. Akatoka na boga, akaniwekea mikononi, akafunga mlango.

Sasa naomba msinicheke. Na anayetaka kucheka, rejista iko mezani kwangu, ajaze kwanza alichokula kwa jirani wiki hii.